Mkiachana, programu ni ya nani?

Juzi nilimkuta shemeji dukani kwake, lile duka la dawa, kashika tama. "Nimeachwa," akasema. Nikashtuka, maana dada nilimwacha nyumbani anasonga ugali!

Kumbe kaachana na kampuni iliyomtengenezea programu ya kuhesabia dawa. Fundi mpya anataka msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, aifanyie marekebisho. Kampuni imegoma: eti shemeji ana leseni ya kutumia tu.

"Sasa zile hela nilitoa za nini?"

Nikamwomba mkataba. Akatoa risiti. Risiti, jamani!

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Ukinunua kitabu, hujanunua ruhusa ya kukichapa upya. Angetaka haki zote, angeandikishiana mapema, na bei ingepanda. Au angechukua leseni ya kudumu inayomruhusu fundi yeyote kurekebisha. Mimi napenda ile ya kuweka msimbo kwa wakili, utolewe kampuni ikifa au ikikimbia kazi. Ila hayo huombwa wakati wa mapenzi, siyo mkishanuniana.

Kilichobaki ni kumbukumbu zake. Dawa, bei, wadeni, vyote kaviingiza mwenyewe kwa vidole vyake. Kesho tunakwenda wote kudai nakala.

Kwenye orodha ya wadeni nimo, 12,000. Hilo sijamkumbusha.