Ukimya wa Darasa la Mtandaoni na Ufundishaji wa Fonolojia

Tangu vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ufundishaji kwa njia ya intaneti umezidi kuingia katika kazi ya mhadhiri, hata baada ya kumbi kufunguliwa. Pamoja nao limezuka lalamiko kwamba wanafunzi wako kimya. Mhadhiri huuliza, "Kuna swali?", na hajibiwi. Aghalabu ukimya huo huhesabiwa kuwa uvivu, na dawa inayopendekezwa ni kuwalazimisha wanafunzi wafungue kamera. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukimya huo una chanzo cha kiisimu, na inashangaza kwamba idara za isimu hazikuwa za kwanza kuubaini.

Sacks, Schegloff na Jefferson walieleza mwaka 1974 jinsi zamu za kusema zinavyogawiwa. Msemaji humteua anayefuata. Asipofanya hivyo, mwingine hujiteua. Na asipojitokeza yeyote, msemaji wa awali anaweza kuendelea. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayotawala darasa la mtandaoni. Kujiteua kunategemea macho, pumzi na wepesi wa kuingilia. Stivers na wenzake, waliochunguza lugha kumi mwaka 2009, walikuta kwamba kati ya swali na jibu hupita, kwa wastani, takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtandao unaochelewesha sauti kwa muda kama huo au zaidi huvuruga utaratibu mzima: wawili huanza pamoja, wote wawili hunyamaza, na mhadhiri huendelea. Swali lililotupiwa wote halikumteua yeyote.

Kwa hiyo mhadhiri hana budi kuteua kwa jina, na kabla ya hapo awe amempa mteuliwa kitu cha kusema. Hapa ndipo fonolojia ya Kiswahili ina utajiri ambao ukumbi wa mihadhara hauna. Chukua suala la mpumuo. Katika lahaja za pwani, Kimvita kwa mfano, *paa* la nyumba hutofautiana na *p'aa* wa porini, na *kaa* la moto na *k'aa* wa baharini, ingawa othografia sanifu huziandika jozi hizo kwa namna moja. Mwanafunzi aliyeko nyumbani anahitaji kipande cha karatasi nyepesi tu. Akishike mbele ya midomo ya mzee wa nyumba, amwombe ayataje maneno hayo, aone ni lini karatasi inatikisika. (Karatasi si spektrogramu, lakini kwa *p* inatosha kuanzisha ubishi.)

Na ubishi utakuwapo. Aliyeko Mombasa ataleta matokeo yasiyolingana na ya aliyeko Mbeya, kwa kuwa wazungumzaji wengi wa bara hawazitofautishi jozi hizo. Je, mpumuo ni fonimu ya Kiswahili, au ya baadhi ya lahaja zake tu? Mwingine atauliza kwa nini *ukuta* hauna mpumuo ilhali wingi wake, *k'uta*, unao. Swali hilo litalifikisha darasa kwenye nazali ya ngeli ambayo ilidondoka mbele ya kipasuo sighuna na kuacha mpumuo nyuma yake, na litafika huko bila mhadhiri kulitangulia. Mtawanyiko wa wanafunzi, ambao huchukuliwa kuwa dosari ya masomo ya mtandaoni, hapa unageuka kuwa uwanja wa utafiti.

Suala la kamera halistahili maneno mengi. Video hula vifurushi vya data, na wapo wanafunzi wanaovinunua kwa fedha zao. Sauti ya dakika tano iliyorekodiwa na kutumwa mapema ina manufaa kuliko saa nzima ya uso unaokwama.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika mtihani. Mwanafunzi aliyekusanya data kwa bibi yake bado hukutana na swali linalomtaka afasili fonimu na kutoa mifano miwili. Hugundua upesi kwamba kazi yake haina alama, na juma linalofuata akiitwa kwa jina, haitiki. Idara inayotaka darasa liseme itenge sehemu ya alama za mwisho kwa data hiyo na kwa utetezi wake, na iutangaze uamuzi huo siku ya kwanza ya muhula.