Pikapu kuukuu: bei ya chini, gharama ya juu

Wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam wangali wanavutiwa na pikapu kuukuu kwa sababu ya bei. Hesabu hiyo ni pungufu. Anayepeleka mzigo Kariakoo alfajiri hununua pia siku ambazo gari litalala gereji, na mteja hasubiri.

Injini iguswe kabla ya kuwashwa. Ikiwa tayari ni ya moto, huenda muuzaji ameiwasha mapema kuficha tabu ya kuwaka asubuhi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia. Gasketi ya silinda hedi, pengine hedi yenyewe, inamsubiri mnunuzi. (Rangi mpya ya bodi haihusiki.) Mwenye mtaji mdogo ni afadhali aendelee kukodi kwa safari.