Uhuru wa Kibaba kwa Kibaba

Imekuwa ada ya baadhi ya washairi wetu kuimba kwamba utumwa wa Unguja ulikufa tarehe 5 Juni 1873, siku Sayyid Barghash alipoukubali mkataba wa Waingereza na soko la watumwa likafungwa. La hasha! Kilichokatazwa siku ile ni kuwasafirisha watu baharini na kuwanadi hadharani. Waliokuwa shambani wakichuma karafuu walibaki mali ya mabwana zao.

Uhuru ule ulitolewa kibaba kwa kibaba. Mkataba wa 1822 ulizuia kuwauzia mataifa ya Kikristo. Ule wa 1845 ulizuia kuwapeleka nje ya milki ya Afrika ya Sayyid Said. Amri ya 1 Agosti 1890 ya Sayyid Ali bin Said ikaharimisha kila namna ya mauziano. Ndipo tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alipoiondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria. Aliyezaliwa mwaka wa mkataba wa kwanza alikuwa sasa kikongwe wa miaka 75.

Na hata amri hiyo haikutamka, "Nyote mu huru." Ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kortini akauombe uhuru wake. Akishaupata, ilimlazimu aonyeshe makao na njia ya riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Je, fidia alipewa nani? Bwana! Mwenye jasho hakutengewa pesa wala ardhi.

Suria naye aliachwa nje ya amri, kwa hoja kwamba yeye ni kama mke. Huyo alingoja hadi 1909, zama za Sayyid Ali bin Hamoud.

Wapo wanaoitetea taratibu ile, ati haraka ingaliua kilimo cha karafuu na kuitikisa nchi. Haya, na wakiri basi kwamba karafuu ilithaminiwa kuliko mkono ulioichuma.

Enyi watunzi, manowari za Mwingereza na mihuri ya masultani zimekwisha kusifiwa vya kutosha. Tuwatungie walioacha shamba wakaenda kusimama mbele ya hakimu, hawana shahidi ila miili yao. Na tuanze na suria, aliyengojea miaka 12 zaidi ya wenzake, na ambaye diwani zetu zingali zikimwonea haya.