Akili Isivuliwe Mlangoni

Wapo wahubiri wasemao kwamba, kwa kuwa akili ya mwanadamu haiwezi kuijua dhati ya Mungu, basi aingiaye nyumba ya ibada na aiache akili yake mlangoni, pamoja na viatu. Msingi wa hoja hii ni kweli. Hitimisho lake ni hadaa.

Ukomo wa akili waliukiri wanazuoni wakubwa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwakosoa wanafalsafa waliodai kuyathibitisha kwa mantiki mambo ya Mungu yasiyofikiwa na mantiki. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kuwa mwanadamu hawezi kujua Mungu ni nini, bali ajua Mungu si nini. Lakini wote wawili waliufikia mpaka huo kwa kuitumia akili, wala si kwa kuitupa.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Usambara. Mkulima wa Mlola hana haja ya kusoma falsafa ili atambue kuwa ukungu ukishuka, haonekani mlima wala bonde. Hata hivyo hamfuati kila ajiitaye kiongozi wa njia. Ndivyo walivyofanya Washambaa wa kale chini ya watawala wa Kilindi. Mfalme aliaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua. Raia hawakudai kuijua siri ya uwezo ule; waliupima kwa matunda yake. Mavuno yakipatikana, mfalme ameiponya nchi, yaani kuzifya shi. Njaa ikiingia kwa ugomvi wa watawala, nchi imeharibiwa, yaani kubana shi. Haya ameyaeleza kwa kirefu mwanahistoria Steven Feierman.

Kipimo hicho kikiachwa, watu huangamia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo. Waendesha mashtaka walidai kuwa waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Asemaye "Mungu hajulikani kwa akili", kisha akawaamuru watu kwa jina la Mungu, amejitengea yeye peke yake ujuzi aliowakataza wengine. Na aulizwe ameupata wapi. Akili isiyoweza kuijua dhati ya Mungu yaweza, pasipo shaka, kutambua kwamba amnyimaye mtoto chakula hakutumwa Naye.