Khabari ya Lori la Chama

Wanachama wengi wametuuliza, baadhi yao kwa barua na wengine kwa kutusimamisha njiani, lile lori jipya la chama lililotangazwa katika gazeti letu hili kabla ya msimu lilikuwa limelala wapi muda wote ule. Waliouliza kwa upole twawashukuru. Waliouliza kwa ukali hatuwalaumu, kwani fedha zilizonunua lori hilo ni hisa zao, na karafuu zilizoharibika kwa kulikosa ni karafuu zao vile vile. Basi yatupasa tuieleze khabari yote kama ilivyokuwa, tena tuseme na maoni yetu, maana mkutano mkuu u karibu, na tumesikia ya kuwa wapo watakaokuja na shauri la kuliuza lori, na wapo watakaokuja na shauri la kununua la pili huko huko lilikotoka hili la kwanza. Sisi twaona mashauri yote mawili si mazuri.

Kwanza tukiri. Sisi tunaoandika haya tulikuwamo katika mkutano ule wa mwezi wa Mei, na mikono yetu ilikuwa juu pamoja na mikono ya wengine. Hakuna aliyepinga. Hoja ilikuwa nyepesi: gari la mizigo la tani 3, jipya, lipo dukani Mombasa, mtu aliona kwa macho na kuligusa kwa mkono. La kuagiza Japani huoni ila picha, kisha wangoja meli. Mombasa tuna ndugu na wakwe, na vipuri vyapatikana. Tena mkondo ulioko kati ya Pemba na bara ni kiasi cha kilomita 50 tu, na wazee wetu wakiuvuka kwa majahazi bila ya kuuona ni safari. Nani angefikiri ya kuwa kitu cha karibu hivyo kitachelewa kuliko kitu cha Japani?

Kosa letu lilianza pale pale dukani, lori halijasogea hata hatua moja. Wajumbe wetu wawili walipokewa vizuri, wakapewa viti na kahawa. Wakauliza bei, wakapunguziwa kidogo, wakalipa. Walilipa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya kule, ambayo ni asilimia 16, kama alipavyo mkaazi yeyote wa Kenya. Kisha muuzaji, kwa kutaka kuwarahisishia, akawashauri waliandikishe lori pale pale ili lipate kibao cha nambari za Kenya na liweze kwenda lenyewe kwa barabara mpaka mpakani. Wajumbe wakaona huo ni wema. Na kwa kuwa chama chetu hakijulikani katika madaftari ya kule, likaandikishwa kwa jina la jamaa yetu mmoja akaaye Mombasa.

Wanachama watuwie radhi tukikaa hapa kidogo, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Bidhaa inayouzwa kutoka Kenya kwenda nje haitozwi ile asilimia 16. Lakini mnunuzi hana budi kusema tangu mwanzo, kabla risiti haijakatwa, kwamba kitu hiki chatoka nje, ili makaratasi yaandikwe kwa njia hiyo na wakala wa forodha akisindikize mpaka kivuke. Sisi hatukusema. Tulinunua kama wenyeji, tukalipa kama wenyeji, halafu tukataka kuondoka kama wageni.

Tena lori lilipokwisha kuandikwa kwa jina la jamaa yetu, likaacha kuwa jipya. Lilikuwa halijatimiza kilomita 100, na viti vyake vingali vimevishwa nailoni, lakini katika karatasi lilikuwa gari la mtu, na mtu huyo sasa alitaka kuliuza nje ya nchi. Ikabidi lifutwe katika daftari la Kenya, ipatikane barua ya polisi ya kuthibitisha kuwa si la wizi, na iandikwe hati ya mauzo kutoka kwake kuja kwa chama. Jamaa mwenyewe wakati huo alikuwa amesafiri kwa kazi yake. Tulimngoja siku 19, na hatuna neno juu yake, kwani yeye alitufanyia hisani tu, wala hakujua kuwa hisani hiyo ina mkia mrefu.

Sasa tuje kwenye ushuru, ambao ndio uliowashangaza watu zaidi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005, na tangu siku hizo wengi wetu tumekuwa tukiamini ya kuwa kitu kikiwa Kenya ni sawasawa na kuwa Tanzania. Sivyo. Kinachopita bila ya ushuru ni kitu kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya kwa kiasi kinachokubaliwa na kanuni zake, tena kiwe na cheti cha asili kinachotolewa na wakuu wa nchi inayouza, wala si na duka. Lori lililotoka Japani likashushwa Kilindini haliwi la Afrika Mashariki kwa sababu limekaa dukani miezi mitatu, kama vile mgeni aliyelala Chake usiku mmoja hawezi kuamka asubuhi akadai kuwa ni Mpemba. Hata yale magari ya mizigo yanayounganishwa Kenya, na yapo, hayapiti kwa maneno ya muuzaji. Yapita kwa cheti. Wajumbe wetu waliuliza, wakaambiwa, "Hili la hapa hapa." Nao wakaridhika. Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba maana yake ilikuwa lori lipo hapa.

Basi ushuru ukatozwa. Kiwango cha Jumuiya kwa bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa kabisa ni asilimia 25, na hakihesabiwi juu ya bei peke yake, bali bei pamoja na bima na nauli. Kisha kodi nyingine zahesabiwa juu ya jumla ambayo ushuru umo ndani yake. Mwanachama na ajaribu mwenyewe kwa shilingi 100. Ushuru wazifanya 125, na kodi inayofuata yaanza hesabu yake katika 125. Na ile bei tuliyoanzia, tusisahau, tayari ilikuwa imebeba kodi ya Kenya ambayo hatukupaswa kuilipa. Tulilipa kodi juu ya kodi ya nchi nyingine, na hakuna aliyetulazimisha ila kutojua kwetu.

Hayo ni yetu, tumeyakubali. Lakini yako mengine yasiyokuwa yetu, na hayo hatutayanyamazia.

Katika ofisi moja ambamo makaratasi yetu yalipita, wajumbe walipeleka karatasi tano wakaambiwa imekosekana ya sita. Wakaitafuta ya sita kwa siku nne. Waliporudi walimkuta mtu mwingine kitini, akawaambia ya sita haihitajiwi, ila ile ya pili yataka muhuri mwingine. Wakaenda kwenye muhuri. Mwenye muhuri akauliza iko wapi karatasi ya sita. Mjumbe wetu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, akamwambia yule kijana aliyekuwa mezani, "Mwanangu, niandikie yote kwenye karatasi moja, nisikusumbue tena." Kijana akamjibu kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, karatasi hiyo hata mimi sijapewa."

Twaamini alisema kweli. Wala hatusemi ya kuwa watu wa ofisi ile ni wabaya; mmoja wao alibaki mpaka baada ya saa za kazi kututafutia faili letu. Tunalosema ni hili, kwamba haiwezekani mtu atii amri ambayo hata wenye kuisimamia hawajaiona imeandikwa mahali pamoja.

Kisha bahari. Wapo waliodhani ya kuwa likishafika Tanga limefika. Meli ichukuayo magari kuja Pemba haiondoki kila siku, na yetu ya kwanza ikatuacha kwa ajili ya muhuri ule tuliousema. Na lilipotia gurudumu hapa kisiwani, kazi ikaanza tena, kwani Zanzibar ina daftari lake la magari na Bara ina lake, na nambari za hapa ni zile zianzazo na Z. Lori letu kwa muda wa siku 68 lilikuwa la Kenya, kisha likawa si la mtu yeyote, kisha ndiyo likawa la kwetu. Kwenye kituo chetu lilifika usiku, mvua ikinyesha, na aliyekuwapo kulipokea ni mlinzi na mbuzi wake wawili.

Siku 68 hizo zilikuwa siku gani? Wanachama wajua. Karafuu haingoji karatasi. Ikishachumwa yataka ichambuliwe makonyo usiku ule ule na kesho yake ianikwe. Ikirundikwa mbichi ndani ya magunia hupata joto, ikavunda, ikapauka, na hapo tena hata uianike juani wiki nzima haitarudi kuwa nyekundu ya kupendeza. Kilo 3 za mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu. Mtu ambaye gunia lake moja limevunda amepoteza kazi ya wachumaji wengi kwa mkupuo mmoja. Msimu huu watu wa mashamba ya mbali na barabara walikodi magari kwa bei ya kuumiza, na wasioweza kukodi walibeba kichwani au walingoja. Bibi mmoja, mjane, mwanachama wetu tangu zamani, magunia yake manne yalikaa kando ya njia siku mbili chini ya makuti kwa sababu gari aliloahidiwa lilipata mzigo wenye malipo mazuri zaidi. Aliyapeleka yakahesabiwa daraja la chini. Hakuja kulalamika ofisini. Tulizipata khabari zake kwa jirani yake, na ndizo zilizotufanya tuandike kwa urefu huu.

Sasa maoni yetu. Wanaosema lori liuzwe, tunawauliza: liuzwe kwa bei gani? Kodi iliyolipwa hairudi kwa kuuza. Hasara tumekwisha kuila, na faida ndiyo kwanza inaanza. Katika wiki tano za mwisho za msimu lori hilo halikulala bila ya mzigo hata usiku mmoja. Wanaosema wajumbe wawili wale wakatwe fedha hizo katika hisa zao, tunawakumbusha ya kuwa sisi sote tuliwatuma bila ya kuwapa hata mstari mmoja wa maelezo. Mmoja wao alitumia fedha zake mwenyewe kulala siku zile za kungoja, na hajazidai.

Na wanaosema tununue la pili huko huko maana njia tumekwisha kuijua, hao ndio tunaowaogopa zaidi. Njia hatujaijua, tumejua mashimo machache tuliyotumbukia. Twaona chama kikitaka gari jingine kiliagize kwa jina lake chenyewe, liletwe kutoka linakotengenezwa mpaka bandari ya Zanzibar, likiwa halijapata kuandikishwa kwa mtu mahali popote, ili ushuru ulipwe mara moja na pahala pamoja. Litachelewa, ndiyo. Liagizwe basi msimu unapokwisha, wala si unapobisha hodi. Na ikiwa siku moja halmashauri itaona lazima ya Mombasa, basi kabla ya kulipa hata senti ipatikane hati ya mauzo ya nje na, kama gari limeunganishwa kule, cheti cha asili. Kisipopatikana cheti, kahawa inywewe na wajumbe warudi nyumbani.

Kwa wakuu tuna neno moja. Sisi wenye karafuu tunaambiwa kila mwaka, tena kwa haki, ya kuwa kuvusha karafuu usiku kwenda upande wa pili ni magendo na ni kuihujumu nchi. Wengi wetu tumelishika neno hilo hata pale bei ya upande wa pili ilipokuwa ikiita. Basi yule anayekataa kuvuka usiku na akaja mchana mlangoni na gari lake na makaratasi yake mkononi, asifanywe kuzunguka siku 68 kama aliyekamatwa. Hatuombi kusamehewa ushuru. Twaomba karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani, yenye kutaja kila hati itakiwayo, ofisi itoayo hati hiyo, na malipo yake. Yule kijana wa mezani naye apewe nakala yake.

Halmashauri imekubali ombi hili lipelekwe na watu watatu kabla ya mkutano mkuu, nao wakirudi watatoa khabari mkutanoni. Mtu mmoja amekwisha kupatikana, naye ni yule mzee wa karatasi ya sita, ambaye amesema kwamba njia ya kwenda pale sasa anaweza kuifuata akiwa amefumba macho. Wanaotaka kufuatana naye waandikishe majina kwa karani kabla ya Ijumaa ya pili.