Neno kwa Baba, Neno kwa Mama

Tumesimuliwa kisa cha hapa Goma, nasi twaona chafaa kupimwa na kila familia. Baba mmoja alipita asubuhi sokoni Virunga, akamkuta mchuuzi wa taa za nguvu ya jua. Mchuuzi akamwambia: “Baba, hii ndiyo taa ya mwenye nyumba. Mwanga wake wafika mbali. Mwizi akiuona hukimbia.” Baba akanunua. Alasiri akapita mkewe, akirudi kutoka Petite Barrière na kapu lake kichwani. Mchuuzi yule yule akamwambia: “Mama, taa hii haitaki mafuta wala haitoi moshi. Watoto watasoma, nawe utakiona chungu chako usiku.” Mama naye akanunua. Jioni taa mbili za namna moja ziliwaka mezani, lakini unga wa bugali haukuwepo.

Je, mchuuzi alisema uwongo? La, hasha. Taa ilimulika mbali, wala haikutoa moshi. Alimtazama kila mmoja, akakisia shughuli zake na hofu yake, kisha akachagua neno la kumfaa. Huo ni ustadi wa biashara, wala haukuanza leo.

Kampuni ya Lever Brothers ya Uingereza iliuza sabuni mbili zilizojulikana sana Afrika. Katika Rhodesia ya Kusini, nchi iitwayo sasa Zimbabwe, Lifebuoy ilitangazwa kuwa sabuni ya mwanaume, mfanyakazi mwenye afya na nguvu. Lux ikatangazwa kuwa sabuni ya mwanamke apendaye uzuri. Mwanahistoria Timothy Burke alitoa kitabu juu ya habari hizo mwaka 1996, na katika jina lake akaziweka sabuni zote mbili, moja kwa wanaume na moja kwa wanawake. Basi nyumba moja iliweza kununua sabuni mara mbili, na fedha zote zikaenda kwa mwenye kiwanda mmoja.

Tutazame pia vitenge. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1846, huvitambulisha vitambaa vyake kwa namba. Lakini nani avaaye namba? Wanawake wachuuzi wa Afrika ndio waliovipa majina, maana waliwajua wanunuzi wao. Kimoja huitwa, kwa maneno ya Kiswahili, “Mume wangu ana uwezo.” Tazameni akili iliyomo! Mke akikivaa, amsifu mumewe mbele ya jirani; mume akilisikia jina lake, aona haya kukataa kukinunua. Neno moja limegonga masikio mawili.

Kwa hiyo hatusemi kwamba ni vibaya kuzungumza na mwanaume kwa namna moja na mwanamke kwa nyingine. Auzaye jiko lenye kutumia makala kidogo amweleze mama juu ya moshi na masizi, amweleze baba juu ya bei ya gunia. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yaisaidia nyumba. Tena msitu wa Hifadhi ya Virunga, unaokatwa kwa ajili ya makala, utapata nafuu.

Lakini kuna neno lisilotafuta haja ya mtu, bali udhaifu wake. Mwanamke huambiwa kwamba ngozi aliyozaliwa nayo si nzuri, na kwamba dawa ya kuichubua itampatia heshima. Haambiwi kwamba zebaki iliyomo katika baadhi ya dawa hizo hudhuru mafigo, wala kwamba haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuiharibu ngozi na kuiacha na madoa meusi. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwishoni mwa mwaka 2018 kuzikamata dawa hizo madukani. Mwanaume naye huonyeshwa chupa ya pombe, akaambiwa kwamba ndiyo alama ya uanaume. Haambiwi kwamba chupa ya nne ni karo ya mwanawe. Huyo achokozaye haya ya mama na kiburi cha baba hauzi tena kitu, auza aibu.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 walipoutwaa mji wetu, mabenki yalifungwa na fedha zikawa adimu majumbani. Wakati kama huo, kosa dogo sokoni huwa njaa kubwa mezani.

Basi twawashauri jambo moja jepesi. Kabla ya kununua kitu cha thamani, mume na mke waambiane: “Mimi niliambiwa hivi; wewe uliambiwaje?” Maneno mawili yakiwekwa pamoja, huonekana upesi kama ni ukweli wenye pande mbili, au ni mtego wenye milango miwili. Nanyi wanafunzi, mtakaokuwa wachuuzi kesho, jipimeni hivi: neno unalomwambia baba, je, waweza kulirudia mbele ya mama bila kuona haya? Ukiweza, uza kwa amani.

Wale wa taa mbili walikubaliana asubuhi. Moja ikabaki mezani kwa watoto; ya pili mama aliiuza kwa jirani, akarudi na unga.