KONA YA WATOTO: Maji, barafu na swali la mtoto



Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ndiyo hii, asubuhi kila mtu anagombania mbabula. Lakini huku upande wa Ziwa Mweru maji hayagandi nje, maana baridi yetu haifiki digrii 0. Hata hivyo tunaweza kujifunza sayansi ya barafu nyumbani. Tumewaletea majaribio matatu.

1. Bila barafu. Jaza maji kwenye chupa mbili za plastiki zinazolingana. Moja izungushie kitambaa kilicholowa, nyingine iache hivyo. Ziweke kivulini penye upepo kwa saa moja, halafu mtoto azishike. Ya kitambaa itakuwa baridi zaidi, kwa sababu maji yanapokauka yanaondoka na joto. Mtungi wa udongo nao unafanya kazi hivyohivyo.

2. Kikombe kilichojaa. Ombeni kipande cha barafu kwa mwenye frigo dukani, iwe Mwansabombwe au Kashikishi. (Barafu ya kuhifadhia samaki isiingie mdomoni!) Weka barafu kwenye kikombe, ongeza maji mpaka ukingoni kabisa. Kabla haijayeyuka, muulize mtoto: maji yatamwagika? Mwache abishane na wenzake. Hayatamwagika. Maji yakiganda yanatanuka, karibu sehemu moja ya kumi, ndo maana barafu inaelea. Ikiyeyuka inarudi udogo wake. Kwa sababu hiyohiyo, msigandishe chupa ya kioo iliyojaa maji, itapasuka.

3. Moto na baridi. Vikombe viwili vya aina moja, maji kiasi kilekile. Kimoja maji ya moto (amimine mtu mzima), kingine ya kawaida. Viingie kwenye frigo ya kugandisha pamoja. Kipi kitaganda kwanza?

Wengi watasema cha kawaida. Basi sikieni habari ya Erasto Mpemba, kijana wa Tanzania. Mwaka 1963 alikuwa anasoma sekondari ya Magamba, na wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye frigo ilikuwa inaisha, akaweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, wakamcheka darasani. Hakunyamaza. Alipofika mgeni, Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba alimuuliza yeye. Osborne hakumcheka, alirudi akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika matokeo kwenye jarida la sayansi, na leo duniani kote wanaliita jina la Mpemba.

Wanasayansi bado wanabishana. Wengine wamepima upya wasilione jambo hilo. Kwa hiyo matokeo ya nyumbani kwenu yanaweza kwenda huku au kule. Mtoto aandike alichokiona, siyo kile anachofikiri tunakitaka.

Wazazi, hapa ndipo tunawahitaji. Shuleni Kiingereza na Kibemba vinawashinda watoto wengi waliotoka Kongo. Mtoto akichekwa mara moja kwa sababu ya lugha, anafunga mdomo muhula mzima. Nyumbani anaweza kuuliza kwa Kiswahili, bila woga. Tunajua mmechoka, kuna kuni, kuna maji ya kuteka. Lakini akiuliza "kwa nini?" na hamna jibu, mwambieni tu: "Sijui, tujaribu tuone." Hilo nalo ni jibu zuri.

Watoto, andikeni mlichoona, mchore na picha, mtuletee darasani. Andikeni kwa lugha yoyote, tutasoma zote.

Tuonane mwezi ujao!
Walimu wenu wa kujitolea